Mtu wa Kuwatoa Nyumbani

Benchi lenyewe halikuwa la mtu. Kinyozi alidai ni lake kwa sababu liliegemea ukuta wa chumba chake cha kunyolea. Mama Kahawa alidai ni lake kwa sababu ndiye aliyelipigilia misumari lilipoanza kuyumba. Na Jaji, ambaye hakudai kitu, aliwahi kutoa uamuzi kwamba mali isiyo na mwenyewe ni ya yule anayeikalia muda mrefu bila kufukuzwa, kisha akakaa. Uamuzi huo haukuwahi kukatiwa rufaa. Lilikuwa benchi la kutosha watu wanne waliobanana au watatu waliokosana, nalo lilitazamana na mlango wa jengo la ofisi lenye ghorofa nyingi na watu wachache, jengo ambalo mlinzi wake wa mapokezi alikwisha kuzoea kusinzia bila hofu ya kuamshwa. Asubuhi hiyo, saa tano ikiwa imekwisha kupita, Afisa alivuka barabara akiwa na tai shingoni na simu mkononi, akakaa pembeni kabisa, pale ubao ulipochakaa, akaagiza kahawa bila kumtazama mtu.

— Leo uso umekunjika kama shati la jana, alisema Mama Kahawa huku akimmiminia. Nani kakuudhi, na huko juu uko peke yako?

— Ndiyo hilo, Mama.

— Ndiyo lipi?

Afisa alilegeza tai. Alikuwa afisa utumishi wa kampuni ya bima, kazi ambayo kwa tafsiri yake ya kawaida ni kushughulika na watu. Lakini watu wenyewe walikuwa wameruhusiwa kufanyia kazi majumbani mwao, kwanza kwa miezi michache, kisha kwa tangazo la pili lililosema “hadi hapo itakapotangazwa vinginevyo”. Na hakuna aliyewahi kutangaza vinginevyo. Ghorofa ya tano ilibaki na meza, viti na Afisa. Kila asubuhi alipanda, akafungua madirisha, akamwagilia mimea ya kwenye makopo, akawasha taa za upande mmoja tu asije akaonekana mbadhirifu, akakaa. Haikuwa sharti. Naye angeweza kufanyia kazi nyumbani. Ila nyumbani, tangu mkewe afariki na binti yao aolewe mbali, kulikuwa na meza na viti vilevile, na hakukuwa na dirisha lililotazama benchi.

— Nimepewa hadi saa sita nitoe jina la mzungumzaji mkuu, alisema hatimaye.

— Mkuu wa nini? aliuliza Rubani.

Huyu Rubani hakuwahi kupanda ndege. Alikuwa dereva mstaafu wa lori, na jina alipewa na matingo wake, wasaidizi wa lori, kwa namna alivyokuwa akishuka milima.

— Wa mkutano wa mwaka wa kampuni. Siku moja kwa mwaka wafanyakazi wote wanaitwa waje ofisini, wakae ukumbini pale juu. Panakuwa na mgeni anayewazungumzia. Mgeni huyo ndiye natakiwa nimchague.

— Sasa hiyo si heshima, bwana?

— Heshima ni heshima. Lakini mwaka jana walikuja watu wa kujaza lifti, na lifti yetu ni ndogo. Mkurugenzi kasema safari hii wasipofika nusu, ghorofa anarudishiwa mwenye jengo. Kila mtu abaki kwake moja kwa moja.

— Na wewe? aliuliza Mama Kahawa.

— Na mimi nibaki kwangu.

Kila mmoja alipiga picha ya jambo hilo kichwani, na hakupenda alichokiona. Jaji ndiye aliyeanza kusema, maana ukimya mrefu kwake ulikuwa sawa na kesi iliyoahirishwa bila sababu. Yeye naye hakuwa jaji. Maisha yake yote ya kazi alilinda lango la mahakama, na kwa kuwa aliwaona washtakiwa wakiingia na wakitoka, alijihesabia uzoefu.

— Tuweke suala sawa, alisema, akikiweka kikombe chini kwa heshima. Suala si nani anaongea vizuri. Suala ni nani anaweza kumtoa mtu nyumbani. Tumeelewana?

— Tumeelewana.

— Mwaka jana mlimleta nani?

— Mtaalamu wa kuhamasisha watu, alisema Afisa. Alituambia tujipigie makofi. Halafu akasema kila mtu amgeukie jirani yake amkumbatie.

— Ukamkumbatia nani?

— Kwenye safu yangu sikuwa na jirani.

Rubani alitaka kucheka, akamtazama Mama Kahawa, akaghairi.

Kinyozi alichungulia kutoka mlangoni mwake, kitambaa begani na wembe mkononi. Ndani alikuwamo mteja kitini; hilo lilikuwa wazi. Lakini Kinyozi hakuwahi kukubali kwamba mteja na mazungumzo haviwezi kuhudumiwa kwa wakati mmoja.

— Mnahangaika bure. Lete mchezaji mpira. Yule wa zamani, aliyefunga kwa kichwa mpaka wavu ukachanika.

— Ulichanika kwa kichwa chake, au ulikuwa umeoza? aliuliza Jaji.

— Kwa kichwa!

— Ulikuwepo?

— Nilisikia redioni.

— Redio haionyeshi wavu.

— Wazee wenzangu, alisema Afisa, wafanyakazi wetu wengi wamezaliwa huyo mtu akiwa ameshastaafu. Nikimleta wataulizana ni mjomba wa nani.

— Vijana wa siku hizi hawana adabu, alisema Kinyozi, akarudi ndani kama aliyeonewa.

Rubani alisogea mbele ya benchi. Ilikuwa dalili kwamba hadithi inakuja, na Jaji alikunja mikono kifuani tayari kwa kuikataa.

— Mna habari kwamba shemeji yangu alishakufa?

— Pole, baba, alisema Mama Kahawa.

— Usinipe pole, yuko hai. Juzi kaniomba vocha. Nasema alikufa, akapelekwa mochwari, akalazwa. Alfajiri akaamka, akamwomba mhudumu shuka la pili.

— La pili?

— Kule kuna baridi, Mama. Sasa mlete huyo. Mtu aliyekwenda akarudi! Nani atakaa nyumbani asije kumsikiliza?

— Aliona nini huko? aliuliza Jaji.

— Hasemi.

— Hasemi, au hana la kusema? Sikiliza, Rubani. Kama aliamka, basi hakufa. Kama hakufa, hakuna alikokwenda. Huyo si shahidi wa kifo. Ni shahidi wa usingizi.

— Na mochwari je? Nayo ni usingizi?

— Mochwari ni kosa la daktari. Usichanganye mambo.

— Halafu sisi ni kampuni ya bima, aliongeza Afisa kwa upole. Mtu aliyekufa akaamka, kwetu huyo si mzungumzaji. Ni kesi.

Hata Rubani alicheka, na kwa muda mfupi benchi likawa na joto la watu wanaocheka kitu kimoja. Kisha kila mmoja akarudi kwenye kikombe chake. Afisa alitazama simu. Skrini ilikuwa nyeusi, na ndani yake aliona tai yake.

— Nyinyi wanaume mnatafuta mtu wa kupendeza, alisema Mama Kahawa. Mtu hatoki nyumbani kwa sababu kapendezwa. Anatoka akisikia anasemwa. Wewe tangaza hivi: siku hiyo atakuja mtu anayewajua wote, na wale ambao hawatafika atawasema, mmoja mmoja, kwa majina.

— Atawasema nini?

— Hilo ndilo usitangaze.

Rubani alipiga paja.

— Mimi ningefika jana yake nishike kiti cha mbele!

Jaji alilitafakari pendekezo hilo kwa muda mrefu kuliko yote yaliyotangulia, na aliposema, alisema kwa masikitiko.

— Kisheria lina matatizo. Kiutendaji ni zuri.

— Mama, alisema Afisa, huyo mtu anayewajua wote nitampata wapi?

— Si wewe? Wewe si ndiye afisa wa watu?

Swali lilikuwa la haki, na Afisa alilipima kwa haki. Alijua tarehe zao za kuajiriwa na siku zao za likizo zilizobaki. Alijua majina ya watoto wao kama yalivyoandikishwa kwa ajili ya matibabu, lakini hakujua kama watoto hao ni warefu au wafupi, watundu au wapole. Baadhi ya wafanyakazi waliajiriwa ofisi ikiwa imekwisha kuhamia majumbani. Hao aliwaona kwenye skrini tu, mara moja kwa wiki, kila mmoja ndani ya kisanduku chake, wengi wao wakiwa wamezima kamera baada ya salamu.

— Nawajua kuanzia kifuani kwenda juu, alisema.

Mama Kahawa alimwongezea kahawa bila kuombwa.

Kinyozi alitoka tena, safari hii bila wembe, jambo lililoonyesha kwamba alikuwa amefikiri.

— Nimepata. Usitaje jina. Tangaza hivi: mzungumzaji ni mtu unayemjua, ambaye hujamwona miaka mingi, na ana neno lako. Basi. Nyamaza hapo.

— Halafu?

— Halafu kila mtu atadhani ni wake! Mwenye baba aliyepotea atadhani ni baba. Mwenye mchumba aliyemwacha kwenye mataa atadhani mchumba kajuta. Mwenye rafiki waliyegombana naye atakuja mbio. Watajaa mpaka ngazini!

— Na wakishafika wamkute nani? aliuliza Jaji.

— Wakute wameshafika.

— Huo ni udanganyifu wa makusudi.

— Kwani nimemtaja mtu?

— Ndiyo maana ni wa makusudi.

Afisa hakuingilia. Alikuwa ameshaliona tangazo hilo likimfikia yeye mwenyewe, nyumbani, redio ikiwa imewashwa ili pasiwe kimya; na alikuwa ameshajiona akitafuta viatu. Aliona haya, akakinywa kikombe chote kwa mara moja.

Wakati huo mwanamke mmoja alijitokeza mlangoni mwa Kinyozi. Alikuwa wa makamo, mkoba kwapani, na sura ya mtu aliyetumia subira yake yote na sasa anatumia ya kukopa.

— Shikamooni wazee. Fundi, samahani. Baba yangu ana povu upande mmoja wa uso. Limeanza kukauka.

— Nakuja, mama, dakika moja tu.

— Ulisema hivyo tangu kwenye mchezaji mpira.

— Kaa hapo kidogo, namalizia hoja.

Mwanamke alitazama benchi, akaona pengo dogo kati ya Rubani na Jaji, akakaa. Mama Kahawa alimpa kikombe. Kinyozi hakuwa na hoja ya kumalizia, lakini alibaki amesimama kwa ajili ya heshima yake.

Rubani, kwa kuwa sasa palikuwa na mgeni wa kumsikiliza, aliona ni lazima amalize mchezo.

— Wote mmepiga nje. Niambieni ni kitu gani kinamtoa mtu nyumbani hata kama anaumwa, hata kama mvua inanyesha, hata kama mna ugomvi. Msiba! Hakuna anayekosa msiba. Kwa hiyo, bwana Afisa, usichague mzungumzaji. Tangaza umefariki.

— Nani?

— Wewe. Tangaza kwamba afisa utumishi katutoka, na shughuli yote iko ghorofa ya tano. Watakuja wote. Wakishakaa, unaingia na mkutano unaanza!

— Ataingilia mlango gani? aliuliza Kinyozi, aliyekwisha kuvutiwa.

— Wa nyuma. Au atokee nyuma ya pazia.

— Na atakayezimia?

— Si ni kampuni ya bima?

Walicheka sana, hata mwanamke mgeni akafunika mdomo. Afisa alicheka pia, kwa kuwa ni utovu wa adabu kutocheka mtu anapozikwa kwa nia njema. Lakini kicheko chake kiliisha mapema.

— Hawatakuja, alisema.

— Nani hawatakuja? Msibani?

— Hawatakuja, Rubani. Sisemi kwa kudhani. Mnamkumbuka yule mzee wetu wa stoo? Aliyekuwa akishuka hapa kununua kahawa, kofia ya sufu hata kukiwa na jua?

— Yule aliyekuwa akinipigia mluzi, alisema Mama Kahawa. Si alistaafu?

— Hakustaafu. Alikufa.

Mama Kahawa aliweka birika chini.

— Sikuambiwa.

— Sikuwaambia. Nilikuja siku ile kuwaambia, nikakuta mnabishana kuhusu ule mti uliokatwa, nikaona niache. Afisa aligeuza kikombe kitupu mkononi. Niliwatangazia wafanyakazi wote. Mahali, saa, jinsi ya kufika. Walijibu wote, na walijibu haraka, hilo siwezi kuwalaumu. Walituma viganja.

— Viganja gani?

— Vile vya kwenye simu. Viganja viwili vimeunganishwa. Wengine na ua. Skrini ilijaa, nikawa napandisha kwa kidole haviishi. Nikajua watu watakuwa wengi, nikaomba viti viongezwe. Makaburini tulikuwa mimi, mjane wake, watoto wake na majirani. Mjane akaniuliza, “Wenzake wako njiani?” Nikamwambia wako njiani.

Dai la Rubani kwamba hakuna anayekosa msiba lilikuwa limekutana na ushahidi, na ushahidi ulikuwa umekaa pale pembeni ya benchi na tai shingoni. Jaji alikohoa, kama anayetaka kuuliza swali la nyongeza, akaona hana.

Mwanamke mgeni ndiye aliyesema. Hakusema kwa ubishi. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili na alionekana kweli anataka kujua.

— Samahani, mimi nimeingia katikati. Lakini nyinyi hapa, mmetoka nyumbani kumfuata nani?

— Nani, sisi? aliuliza Kinyozi.

— Nyinyi. Mnasema mtu hatoki bila kuitwa na mtu mkubwa. Naona hapa mko wengi, na hakuna anayehutubia.

— Mimi duka langu liko hapa, alisema Kinyozi upesi.

— Ndani ya duka kuna baba yangu, fundi. Wewe uko nje.

Kinyozi alitazama mlango wake mwenyewe kama mtu aliyeonyeshwa kielelezo mahakamani.

— Mimi huja kununua gazeti, alisema Jaji.

— Gazeti gani? alidakia Mama Kahawa. Muuza magazeti alihama zamani. Wewe mwenyewe ulimsaidia kubeba meza.

— Huja kuhakikisha kama hajarudi.

— Kila siku?

Jaji alipangusa ubao wa benchi kwa kiganja. Katika miaka yote ya benchi lile, hilo lilikuwa jibu lake la kwanza ambalo halikuwa na kifungu.

— Haya, na wewe Mama? aliuliza Rubani, akitaka zamu impite.

— Mimi niko kazini, baba. Mimi nauza.

— Kituo cha mabasi kuna watu mara kumi ya hapa. Ulikuwa kule. Ukaacha.

— Kule wanakunywa wamesimama, alisema Mama Kahawa. Wanakunywa, wanakwenda. Hata uso hukumbuki.

Alisema hivyo kwa ukali, kisha akashughulika na kifuniko cha birika, ambacho hakikuwa na tatizo lolote.

Zamu ilibaki kwa Rubani, na Rubani, aliyekuwa na jibu la kila kitu kuanzia mochwari hadi angani, alitazama mwisho wa barabara.

— Namsubiri mtu, alisema.

— Nani?

— Mtu tu.

Mwanamke aliona kwamba swali lake limekaa vibaya, akarudisha kikombe, akashukuru, akamgusa Kinyozi kwenye kiwiko. Kinyozi alimfuata ndani bila neno. Baada ya muda ulisikika wembe ukipita kwenye shavu, taratibu, na sauti ya Kinyozi ikimwambia mzee amwie radhi.

Afisa alikuwa hajahojiwa, na hilo lilimsumbua kuliko kama angehojiwa. Alilirudia swali kichwani, akalipindua, akatafuta tundu la kutokea. Kazi? Kazi haikudai awe pale. Ghorofa? Ghorofa ilikuwa meza na viti. Alikuwa amelipigania dirisha la ghorofa ya tano akiamini anapigania ofisi.

Simu ikalia. Jaji alitazama saa yake, akatikisa kichwa: ilikuwa saa sita. Simu ya Afisa ilikuwa na sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara, kwa hiyo benchi zima lilimsikia Katibu wa Mkurugenzi kana kwamba naye amekaa pale. Nyuma ya sauti yake hakukusikika kitu: mlango haukufungwa, kiti hakikuvutwa, mtu hakupita.

— Afisa, habari za huko?

— Salama. Za kwako?

— Tunaendelea. Nahitaji lile jina.

— Sijapata mgeni.

— Hapana, Afisa, usinifanyie hivyo. Bila jina ratiba haipiti. Na ratiba isipopita, unajua atasema mkutano haupo, na mkutano usipokuwepo...

— Najua. Andika jina langu.

Jaji alimshika mkono. “Unajimaliza,” alinong'ona. “Jina lako halimtoi hata paka.” Hoja ilikuwa na nguvu, na Afisa aliitambua kwa kuinamisha kichwa, lakini hakuufuta usemi wake.

— Lako wewe mwenyewe? aliuliza Katibu. Wewe ndiye mzungumzaji mkuu?

— Mimi mwenyewe.

— Mada?

— Sina mada. Nitawauliza swali. Nitawauliza waliokuja wametoka nyumbani kumfuata nani. Halafu nitakaa.

— Hiyo ndiyo hotuba yote?

— Ndiyo yote.

— Na wakinyamaza?

— Watakuwa wamenyamaza mahali pamoja.

Katibu naye akanyamaza. Ilikuwa vigumu kujua kama anaandika au haandiki. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imeshuka, kama ya mtu anayeuliza jambo lisilo la kikazi kwenye saa za kazi.

— Afisa. Kule juu, ile mashine ya kahawa bado ipo?

— Iliharibika.

— Lo.

— Mwambie kahawa ipo! alisema Mama Kahawa kwa sauti ya sokoni. Mwambie nitapandisha birika!

— Nani huyo?

— Ni Mama Kahawa.

— Kwani uko na watu?

— Niko na watu, alisema Afisa.

— Mimi nilidhani uko ofisini peke yako. Huwa nawaza, nikikupigia, kwamba simu inalia kwenye ukumbi mtupu. Katibu akajikohoza, akarudi kwenye sauti yake ya kazi. Haya. Nimeandika jina. Kuna sehemu moja imebaki. Inauliza mzungumzaji anakuja na watu wangapi. Huwa wanakuja na wasaidizi, mtu wa picha, wa kubeba mkoba. Kwa kuwa ni wewe, niandike hakuna?

Afisa alitazama benchi. Hakuna aliyemtazama. Jaji alikuwa akisoma tena saa ambayo alikwisha kuisoma. Mama Kahawa alikuwa ameinua birika na kulitikisa, nalo halikutoa sauti. Kahawa ilikuwa imekwisha, na kwa kawaida ndiyo ilikuwa ishara ya watu kuinuka na kuagana, lakini hakuna aliyeinuka. Rubani alikuwa bado na uso wake mwisho wa barabara, mgongo ukiwa umenyooka kuliko siku zote.

— Usiandike kwanza, alisema Afisa. Subiri kidogo niwaulize.

— Koti la siku hiyo ninalo, alisema Rubani, kabla hajaulizwa.